Nilitaka Rangi ya Asali, Nikatoka na ya Chungwa

Mashina ya nywele zangu yalikuwa ya chungwa, tena lile la kuwaka. Kutoka hapo kushuka, rangi ilizidi kukolea ikawa ya kutu, na ncha zilibaki nyeusi tititi, utadhani hazikuguswa na dawa iliyokaa kichwani alasiri nzima. Ndani ya saluni sikuliona hilo sawasawa. Taa zao ni za njano, nywele zilikuwa bado na majimaji, na msichana aliyenihudumia alinishikia kioo cha nyuma akikiinamisha huku na huku, akisema, "Umetokelezea, dada!" Nikalipa shilingi 4,500 kwa M-Pesa, nikashuka ngazi.

Nje, Kenyatta Avenue, nikakutana na jua la saa kumi. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua letu ni kali hata msimu wa baridi; halimsitiri mtu. Nilijiona kwenye kioo cha duka la simu. Kabla sijamaliza kujitazama, makanga wa magari ya Njoro alikuwa ameshanibatiza: "Fanta, twende! Fanta, kiti cha mwisho!" Watu wakacheka, nami nikacheka, maana ningefanyaje? Kisha nikatoa leso mkobani nikajifunga.

Sikuwa na harusi wala ruracio, ile sherehe ya mahari. Nilitaka tu. Nilikuwa nimemwona mama mmoja kanisani mwenye nywele asilia fupi za rangi ya asali, weusi wake na wangu haupishani, na zilimkaa vizuri mno. Nikatafuta picha inayofanana nikaiweka kwenye simu, nikaulizia, nikaelekezwa saluni ya katikati ya mji yenye wateja wengi. Jina lake sitalitaja. Zipo nyingi zinazofanya kazi hivyo hivyo.

Watu wakisikia kisa hiki huuliza kwanza kama nilirudishiwa pesa. Nilirudishiwa, kiasi. Lakini kilichookoa kichwa changu kilikuwa kingine, na ndicho kinachonifanya niandike: nilijua nilipakwa nini, cha nguvu gani, kwa muda gani.

Kazi yangu ni kuuza katika duka la dawa za mifugo na mbegu. Mkulima akija kununua dawa ya kupe siwezi kumpa chupa nikamwambia mimina ukiona imetosha. Lazima nimweleze mililita ngapi kwa lita ngapi za maji, na avae nini mikononi. Mazoea hayo hayatoki, kwa hiyo pale kwenye kiti niliangalia mikono ya yule msichana kuliko nilivyoangalia televisheni. Alichota unga wa blichi, dawa ya kupausha nywele, kwa kijiko cha plastiki bila kupima. Akamimina juu yake yale maji meupe mazito kutoka kwenye chupa kubwa iliyoandikwa 40. Akakoroga, akaona imekaza, akaongeza tena kwa macho.

"Hiyo ni ya nguvu gani?" nikamuuliza.

"Ni ile ya kawaida, dada. Usijali."

Si ya kawaida. Ndani ya chupa hizo mna hidrojeni peroksaidi, na namba 10, 20, 30 na 40 zinazoandikwa nje maana yake ni asilimia 3, 6, 9 na 12. Ya 40 ndiyo kali kuliko zote zinazotumiwa saluni kwa kawaida, na fundi anayeijua hachanganyi nayo blichi akaipaka mpaka kwenye ngozi ya kichwa. Nilikuwa pia nimemwambia mapema, kabla hajanifunga taulo shingoni, kwamba nywele hizi ziliwahi kupakwa dai nyeusi ya pakiti, ile rangi ya unga inayokorogwa na maji, na kwamba iliyobaki iko nchani. Akanijibu kwamba blichi hula kila kitu.

Akaanza kupaka mashinani akashuka chini. Akanivika kofia ya plastiki, akanisogeza chini ya draya. Kichwa kikaanza kuwasha, kisha kuchoma. Nilipolalamika, sauti kutoka kiti cha jirani ikasema urembo ni kuvumilia. Nilivumilia kidogo, halafu nikaitoa ile draya mwenyewe.

Mpangilio ule wa rangi tatu kichwani kwangu haukuwa bahati mbaya. Nywele zetu ni nyeusi kwa sababu ya melanini, na blichi haiitoi yote kwa mkupuo. Ile ya weusi na kahawia huvunjika kwanza. Ile ya wekundu na umanjano hushikilia. Ndiyo maana nywele nyeusi zikipaushwa hupita kwenye wekundu, zikaingia chungwa, ndipo zifike manjano, na asali ya kwenye picha inahitaji zikaribie manjano. Mimi niliachwa njiani. Halafu ngozi ya kichwa ina joto lake, na joto huharakisha blichi, kwa hiyo unywele ulio karibu na ngozi hupauka mbio kuliko wa mbali. Fundi mzoefu huanza katikati na nchani, mashina huyaacha ya mwisho. Yeye alianza na mashina, akaongeza na draya juu. Na zile ncha zilikuwa na weusi wa aina mbili, wa kuzaliwa na wa pakiti, na huo wa pakiti ndio mgumu kung'oa. Blichi hailali njaa, kweli, lakini haili kila kitu kwa kasi moja.

Jioni ile plotini kwetu, Free Area, kila jirani alikuwa na tiba. Mmoja alisema sabuni ya vyombo na chumvi. Mwingine akasema nikamue ndimu nikae juani, ushauri ambao ungenipausha zaidi. Wa tatu, ninayempenda sana, alinijia na chupa ya Jik mkononi na nia njema usoni. Hapo nilisimama kabisa. Ile ni hipokloraiti ya sodiamu, ya nguo nyeupe na sakafu. Unywele ni protini, na dawa hiyo huimeng'enya protini. Ndiyo maana baadhi ya dawa za kuzibua mabomba yaliyojaa nywele huwa nayo. Mume wangu naye alisema mbona ziko sawa tu, kwa ile sauti ya mtu anayejua kwamba akisema vingine atajipikia.

Kishawishi kikubwa kilikuwa pakiti ya dai nyeusi. Duka liko hapo chini, bei yake haimtishi mtu, na ndani ya nusu saa ningekuwa nimerudi kuwa mtu wa kawaida. Najua wanawake wengi ambao ndivyo wanavyomaliza kesi hii, na siwalaumu. Lakini unywele uliopaushwa huwa umefunguka, haunywi rangi sawasawa: sehemu moja hufyonza mpaka ikawa nyeusi ya masizi, nyingine huimwaga kila ukiosha. Na ukiamua baadaye kwamba hutaki ule weusi, njia ya kuutoa ni blichi ile ile iliyokuchoma.

Kwa hiyo usiku ule nilifanya kidogo sana. Niliosha kwa maji baridi kutoa mabaki ya dawa, nikapaka kondishona nyingi, nikaomba binti yangu anishikie tochi ya simu nikague ngozi. Nyuma ya sikio la kulia palikuwa pamechubuka na kutoa majimaji. Hapo nilipaka mafuta ya mgando, nikapaacha. Kungekuwa na malengelenge, au macho na uso kuvimba, safari ingekuwa ya hospitali, na usiku huo huo.

Kisha nikachukua unywele mmoja uliotoka kwenye kitana, nikaulowesha, nikauvuta taratibu kwa vidole viwili vya kila mkono. Unywele wenye afya huvutika kidogo kisha hurudi. Sehemu ya rangi ya kutu ilirudi. Ile ya chungwa ilivutika, ikarefuka, ikabaki hivyo hivyo imelegea, na nilipoivuta tena ikakatika. Nikajaribu mwingine, mambo yalikuwa yale yale. Jaribio hilo halina gharama, na ndilo lililonipa jibu la swali nililojua nitaulizwa nikirudi saluni.

Nilirudi Jumanne asubuhi. Jumamosi saluni imejaa, mwenyewe atajitetea mbele ya wateja wake, na wateja nao watakuwa na maoni. Utapata vita badala ya suluhisho. Jumanne asubuhi mko nyinyi na redio. Nilikuwa na picha nilizopiga nyumbani karibu na dirisha, bila kichujio chochote, nyuma na mbele na pembeni. Nilikuwa na ile picha ya asali niliyowaonyesha kabla ya kukaa. Na nilikuwa na ujumbe wa M-Pesa, ambao ni risiti tosha kwa sisi tusiopewa risiti: una tarehe, saa, kiasi na jina la biashara.

Mwenye saluni ni mama wa makamo, wote humwita madam. Nikamsalimia, nikangoja anywe chai yake, nikamwambia, "Madam, sikuja kugombana. Naomba tu tusimame hapo mlangoni uone kwa mwanga wa nje."

Tukatoka. Alizitazama kwa muda, akagusa mashina, akasema, "Nywele zako ndizo sugu."

"Zilikuwa sugu hata kabla sijalipa, madam. Na nilisema zina dai nchani."

Akamwita msichana. Msichana akakubali kwamba nilisema. Namheshimu kwa hilo, maana angeweza kukana na hakuna ambaye angejua.

Madam akatoa suluhisho lake papo hapo: nikae, nipigwe blichi tena sasa hivi, bure, iishe. Nikamwonyesha unywele kutoka mashinani, nikauvuta mbele yake ukakatika. Blichi ile ya bure ingeniacha na upara wa mabaka. Akanipa la pili: nusu bei nikija kusuka. Nikamwambia sitaki kusuka, nataka pesa irudi na nataka kuona vile vitu nilivyopakwa.

La pesa aliliona la kawaida, tukaanza kupigana bei kama watu wa Wakulima Market. Hili la kuona chupa ndilo lililomkera. Akasema hiyo ni siri ya kazi. Siri gani? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma za ubora unaofaa, na haki ya fidia akipata hasara kwa kasoro zake, na katikati ya hayo kuna haki ambayo watu huiruka: ya kupewa taarifa anazohitaji ili anufaike na alicholipia. Kuna pia Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, na Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya 2016 inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili kusimama mbele yake. Sikumsomea madam haya yote mlangoni. Mtu akisomewa sheria kabla hajamaliza chai hukunja uso, na akishakunja uso haonyeshi mtu chupa. Na kwa 4,500, kusema kweli, sikuwa na hamu ya mahakama yoyote. Nilisema tu kwamba fundi mwingine yeyote atakayenitengeneza lazima ajue kilichomo kichwani, na kwamba afadhali ajue kutoka kwao kuliko kwa kubahatisha.

Msichana ndiye aliyemaliza ubishi. Aliingia ndani akatoka na kopo la unga na ile chupa, akaviweka mezani, na nikavipiga picha kila upande, majina na maandishi madogo. Akaniambia alinipaka saa ngapi na akaanza kuosha saa ngapi: dakika 45, nyingi zikiwa chini ya draya. Nikaandika.

Pesa nilirudishiwa nusu. Nilikubali, na kuna sababu. Wasichana wengi wa saluni zetu hawana mshahara; hulipwa asilimia ya kila kichwa wanachohudumia. Madam alipotoa simu kunitumia, alimgeukia yule msichana akamwambia itakatwa kwake yote. Hapo ndipo nilipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. Bango la rangi pale mlangoni si yeye aliyelibandika. Kusuka anajua, nimewaona wateja wake wakitoka na laini zilizonyooka mno. Rangi hajafundishwa na mtu, amejifunza kwa kutazama video na vichwa vya watu kama mimi. Anayechukua sehemu yake ya faida achukue na sehemu yake ya hasara. Madam akanung'unika kwamba wataelewana. Waliishia wapi, mimi sikuwapo.

Nikabaki na kichwa changu. Kila mtu aliniambia nisuke rasta nifunike, na hapo pia nilikataa, kwa sababu unywele usioweza kurudi ukivutwa kwa vidole hauwezi kubeba uzito wa rasta kutwa kucha. Nilisuka matuta makubwa yasiyobana, ya nywele zangu zenyewe, nikavaa kitambaa cha satini ndani na kilemba cha kitenge juu, kwa kuwa pamba husugua na kukata. Siku moja kilemba kiliteleza nikiwa nashusha gunia la chakula cha kuku. Mzee mmoja kutoka Subukia, mteja wetu wa miaka, akatazama, akavua kofia yake kwa heshima, akauliza, "Mama, hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe imekumwagikia?" Nikamwambia ndiyo, Mzee, na kupe wote wamekufa. Amekuwa akinisalimia kwa jina la dawa hiyo tangu hapo.

Katika wiki hizo nilikuwa nikipiga stimu, yaani mvuke wa moto, na tritimenti za kulisha nywele, na hata hilo lina kipimo. Blichi huondoa protini na unyevu vyote viwili. Ukijaza protini peke yake unywele hukakamaa ukavunjika. Ukijaza unyevu peke yake hulegea. Nilibadilishana, zamu hii protini, zamu nyingine unyevu, na taratibu ule unywele wa chungwa ukaanza kurudi kidogo nikiuvuta. Haukuwa mzima, ila uliacha kukatika mkononi.

Fundi wa pili nilimpata kwa njia ambayo ningeianza mapema kama si aibu ya kumsimamisha mtu nisiyemjua: nilimfuata yule mama wa kanisani baada ya ibada. Akacheka, akanishika mkono. Kumbe asali yake haikupatikana kwa siku moja. Ilipandishwa hatua kwa hatua, akipumzishwa wiki nyingi katikati, na nywele zake hazikuwahi kuguswa na dai. Aliyemfanyia ana kijisaluni cha viti viwili huko Shabab, hana bango wala kiyoyozi.

Nilikwenda. Ni mama mtu mzima, mikono mikubwa, haongei sana. Hakuniuliza nataka rangi gani. Aliuliza, "Ulipakwa nini, mama?"

Nikampa simu. Akavaa miwani, akakuza picha ya chupa, akasoma, akakuza ya kopo, akasoma. Akaangalia zile dakika 45 na neno draya, akaguna. "Haya. Sasa tunajua tunapoanzia." Akanieleza kwamba wengi hufika kwake hawajui lolote, naye hulazimika kubahatisha, na kubahatisha juu ya kichwa kilichokwisha ungua ni hatari. Alitaka kujua hata ile dai ya zamani ilikuwa ya aina gani, kwa sababu baadhi ya rangi za bei nafuu huwa na chumvi za metali, na chumvi hizo zikikutana na peroksaidi hupata moto na kuharibu unywele pale pale. Akakata vinywele vichache kisogoni, mahali pasipoonekana, akavitumbukiza kwenye kibakuli chenye dawa kidogo, akakishika kibakuli kwa kiganja, akangoja. Hakikupata joto. Akakiweka kando, akaendelea kunichana.

Kuhusu asali alinikatalia. Si kesho, alisema, si mwezi ujao. Mashina hayawezi kustahimili blichi nyingine, na ncha haziwezi kufika bila hiyo. Alichoweza kufanya ni kunirudisha kwenye kahawia inayopendeza. Chungwa huzimwa na bluu, manjano huzimwa na zambarau. Kwa hiyo ile shampuu ya zambarau inayosifiwa kila mahali isingenisaidia kitu, kwa sababu mimi sikuwa nimefika manjano. Angechagua kahawia yenye bluu ndani yake, aichanganye na peroksaidi dhaifu ya 10, na ncha nyeusi azikate. Nikamuuliza kama lazima azikate. Akaniuliza ninazipendea nini.

Hata hivyo siku hiyo hakunipaka. Rangi nyingi nzito za kudumu zina kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD, ile ile iliyomo kwenye piko nyeusi inayowachubua baadhi ya watu mikono, na mwili unaweza kuikataa hata baada ya miaka ya kuitumia bila tatizo. Akanipaka tone nyuma ya sikio la kushoto, lile zima, akaniambia nisipaguse, nirudi baada ya saa 48. Nilikaa na tone hilo nikiwaza jinsi nilivyopaka dai miaka yote bila mtu kunitajia jambo hili.

Siku ya kazi yenyewe hapakuwa na draya. Alipima kwa mizani ndogo, ile ya kupimia unga wa keki, na kila alichopima alikisema kwa sauti, labda kwa ajili yangu. Alipaka fungu moja moja, na kila baada ya muda alichukua fungu dogo, akalifuta kwa tishu, akalitazama dirishani, akarudisha rangi au akaacha. Mashina yalifyonza haraka, akayaosha kabla ya sehemu nyingine. Alipomaliza kukausha hakunipa kioo. Alinishika bega akanitoa nje, kwenye jua la mchana, ndipo akanipa kioo. Kahawia iliyoiva, yenye wekundu kidogo pale jua lilipopiga, mashina na katikati zikilingana. Fupi kuliko nilivyozoea. Nililipa 3,800, tritimenti ikiwemo.

Haikuwa asali, na bado naitaka asali. Kahawia yenyewe imekuwa ikipauka polepole, jambo alilonionya, kwa hiyo naosha kwa maji ya baridi na shampuu isiyo na salfeti, na juani navaa kofia. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo ile sehemu iliyoungua imesogea kutoka ngozini na sasa iko katikati ya unywele, na hapo ndipo panapokatika nikichana kwa pupa. Fundi anaipunguza kidogo kidogo kila nikienda. Kila alichonipaka nimekiandika kwenye simu, jina, namba, dakika, naye ana daftari lake la mstari lenye ukurasa wangu.

Mdogo wangu wa Kakamega ameona picha zangu za sasa, na yeye sasa ndiye anayetaka asali. Nimemtumia yote niliyoyaandika na nikamwambia kabla hajakaa kwenye kiti chochote aulize ni peroksaidi ya namba ngapi, itakaa dakika ngapi, na kama watajaribu kwanza kwenye vinywele vya kisogoni. Saluni ya kwanza ilimwambia anaongea sana. Ya pili imemkata vinywele, imempaka tone nyuma ya sikio na kumwambia arudi Alhamisi. Amenipigia simu akiwa amenuna, anasema harusi ya rafiki yake ni Jumatano. Nimemwambia afunge kilemba.